Maharage ya Uso Mmoja

Maharage ya kijiji cha Titye yalikuwa yakiishi pamoja. Mekundu, meusi, meupe, ya kahawia, ya njano, na yale yenye madoa kama yai la kwale, yote yalipandwa shamba moja, yakavunwa siku moja, yakapikwa chungu kimoja, wala hakuna aliyewahi kuyauliza kabila. Ndipo mwaka huu ukaja waraka.

Waraka ulisomwa mkutanoni na bwana mmoja wa mjini aliyevaa viatu vyeupe siku ya matope, jambo ambalo kwa upande wa wanawake lilitosha kufunga mkutano. Bwana huyo alieleza kwamba biashara ya mazao imefanyiwa marekebisho. Kuanzia msimu huu maharage hayauzwi tena uani kwa mlanguzi. Yanapelekwa ghalani Kasulu, yanapimwa kwa mizani, mkulima anapewa stakabadhi, na wanunuzi wakubwa wanakuja kushindana kwenye mnada. Ila soko la nje, akasema, linataka maharage yenye uso mmoja. Mchanganyiko haupokelewi. Na mwaka huu uso unaotafutwa ni wa njano.

Bibi Mpawenimana, ambaye umri wake unamruhusu kusema atakalo, akauliza kama hao watu wa nje wanapika harage mojamoja. Bwana wa viatu vyeupe akacheka, akasema hapana, bibi, ila wanapenda yaive kwa wakati mmoja. Bibi akajibu kwamba hata yeye angependa watoto wake wote waive kwa wakati mmoja, lakini Mungu hakumpa mkataba huo.

Melkiadi hakucheka. Melkiadi ni mtu wa kuitikia kwa kichwa mikutanoni. Hata likisomwa tangazo la mbuzi aliyepotea, yeye ataitikia mpaka mbuzi apatikane. Siku hiyo aliitikia, akasimama, akawa wa kwanza kuandikisha jina lake: magunia mawili ya njano. Mke wake, Ininahazwe, alimtazama kisogo kutoka upande wa wanawake. Hayo magunia mawili yatatoka wapi, hakuuliza. Mume akishasema neno mbele za watu, kumuuliza palepale ni kumvua shati.

Na tuseme haki. Haidari, mfanyabiashara wa Kasulu mjini aliyekuwa akinunua maharage uani kwao, alikuja kila mwaka na pikipiki na debe lake. Debe hilo lilikuwa limegongwa nyundo kwa chini hadi likatokeza tumbo kama mama wa miezi minane. Kila mtu aliliona tumbo, hakuna aliyesema, kwa sababu Haidari alilipa papo hapo na mchanganyiko aliuchukua wote kama ulivyo, akaupeleka Nyarugusu, kambi ya wakimbizi. Huko hakuna aliyelitazama harage usoni.

"Mizani ya ghala haina tumbo," Melkiadi alimwambia mkewe walipokuwa wakirudi nyumbani, na hapo, lazima tukiri, alikuwa sahihi.

Wakachambua siku kumi na moja. Turubai lilitandikwa uani, Ininahazwe upande huu, binti yao Immakulata upande ule, Melkiadi katikati akiwa na miwani ya kusomea Biblia. Mvua ikinyunyiza wanakunja turubai, jua likitoka wanakunjua. Migongo iliwauma hadi wakawa wanapeana pole kama watu wa msibani. Melkiadi alikuwa akichanganya njano na kahawia, na kila jioni Immakulata alirudia fungu la baba yake bila kumwambia.

Mbegu haikuguswa. Siku ile ya kupura, kabla ya gunia lolote kufungwa, Ininahazwe alikuwa amejaza chungu chake kwa maharage ya kila rangi, akayapaka majivu ili wadudu wasiingie, akafunika, akakipandisha darini jikoni, juu ya moshi. Mbegu hiyo alikuja nayo kutoka kwa mama yake Kibondo alipoolewa. Mwanaume hafungui chungu hicho hata nyumba ikiwa na njaa. Mvua ikizidi, la njano huoza na jeusi husimama. Jua likizidi, jeusi hunyauka na jekundu hubeba. Hakuna mwaka ambao yalikufa yote. Na mwezi mmoja mbele kulikuwa na upandaji wa pili wa mwaka. Chungu hicho kikipungua, shamba linabaki wazi, na nyumba inakula mihogo mitupu mpaka mwezi wa saba.

Uchambuzi ulipokwisha, ya njano yalijaza gunia moja. Gunia la pili likapungua robo debe.

Melkiadi alikwenda mpaka Kasulu kumwuliza karani wa ghala, kijana mpole aitwaye Nkunzimana, kama gunia pungufu linapokelewa. Nkunzimana akamwambia kwamba kwenye kitabu chake hakuna mstari wa gunia pungufu. Melkiadi akaona haya kubishana na kitabu. Akajaribu kwa majirani, akakuta nao wanahangaika kujaza ya kwao. Kuku wa kijiji kizima hawakuonja punje ya njano wiki hiyo.

Katikati ya mambo hayo ikaja habari kwamba mdogo wake Ininahazwe amejifungua Buhigwe. Ininahazwe akafunga kanga mbili na sabuni, akasema atarudi baada ya wiki, akaondoka.

Asubuhi ya pili, Melkiadi akaleta ngazi jikoni.

Immakulata alimkuta amekumbatia chungu. Akamwambia baba, hicho ni cha mama. Baba akajibu kwamba anachukua ya njano tu, ambayo ni machache, na hayo mengine anayarudisha, na kwa mama yake atasema naye mwenyewe. Immakulata akatamani kusema neno, lakini binti wa miaka kumi na tisa hamnyang'anyi baba chungu. Akaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Sasa shida ilikuwa majivu. Harage la mbegu likishapakwa majivu, jekundu ni la kijivu, na jeusi ni la kijivu, na la njano ni la kijivu. Melkiadi alifikicha moja kwa kidole, akafikicha la pili, akatazama chungu kilivyo kirefu, akapiga hesabu ya vidole vyake. Akaleta beseni na maji. Akaosha mbegu yote, chungu kizima, akiisugua kama mama anayeogesha mtoto siku ya Jumapili.

Rangi zilitoka vizuri sana. Alizichambua akipiga mluzi. Ya njano akayaanika mpaka alasiri, wingu lilipokuja akayamimina juu ya gunia la pili, likajaa, akalishona. Yaliyobaki, bado yamelowa, akayarudisha chunguni, akafunika vizuri, akakipandisha palepale kwenye joto la moshi. Hata kifuniko alikigeuza kilivyokuwa mwanzo.

Ghalani Kasulu foleni ilikuwa ndefu na watu wachangamfu. Nkunzimana alikuwa na kipima unyevu, chuma chenye ncha anachokichoma ndani ya gunia kama daktari. Akachoma gunia la kwanza la Melkiadi, akasoma, akaitikia. Akachoma la pili. Akakifuta chuma kwenye suruali, akachoma tena.

"Mzee," akasema taratibu, "hili umelitoa mtoni?"

Melkiadi akasema ni umande. Mzee mmoja nyuma yake akaeleza foleni nzima kwamba gunia la kwanza ni Mkatoliki, lilinyunyiziwa kidogo tu, lakini hili la pili ni Mpentekoste, limezamishwa. Foleni ikacheka hadi mbele. Melkiadi naye akatoa meno, kwa sababu usipocheka unaonekana ndiye uliyechekwa.

Gunia likafunguliwa, likamwagwa kwenye sakafu ya saruji. Nkunzimana hakuwa mtu mbaya. Alimwambia mzee ayaanike hapo hapo mpaka yakauke, mnada ni Alhamisi. Basi kwa siku tatu Melkiadi, mtu wa kwanza kujiandikisha, alikaa kwenye kigoda cha kuazima akifukuza kuku na kugeuza maharage kwa mguu, huku waliojiandikisha wa mwisho wakipita na stakabadhi zao wakimpa pole.

Siku ya pili akaja Haidari. Hakuwa na debe. Alikuwa na kofia mpya yenye nembo ya kampuni, maana sasa alikuwa wakala wa mnunuzi mmojawapo wa mnadani. Mlanguzi ni kama mhogo, ukimkata anachipua upande wa pili. Akasalimia kwa heshima, shikamoo mzee, akachuchumaa, akalichukua harage moja akalitazama kama anayelikumbuka.

"Zamani ungenipa yote kwa mkupuo mmoja, ukalala," akasema.

"Debe lako lilikuwa na tumbo, Haidari."

"Lilikuwa na tumbo," Haidari akakubali, wala hakukasirika. "Lakini lilikula kila kitu."

Melkiadi akafukuza kuku ambaye alikuwa mbali.

Mnada ulipofika, hatutadanganya, bei ilikuwa nzuri. Hata baada ya kukatwa ushuru, na gunia, na usafiri, na kitu kingine ambacho Nkunzimana alikisoma haraka, pesa iliyoingia kwenye simu ya Melkiadi kwa magunia mawili haikuwahi kutoka mkononi mwa Haidari. Melkiadi alisoma ujumbe mara tatu, akanunua nusu kilo ya nyama, akapanda pikipiki kurudi Titye akiwa amekaa wima.

Ininahazwe alikuwa ametangulia kufika. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jikoni na chungu mbele yake. Kifuniko kilikuwa kimeinuka chenyewe, na chini yake vilichungulia vichipukizi vyeupe, vimesokotana, vingine vimeanza ukungu. Mbegu ilinuka kama pombe iliyosahauliwa.

Melkiadi akamkabidhi nyama. Akaanza na bei ya mnada, akaenda kwenye mizani, akapita kwa Nkunzimana, akawa anazunguka kila mahali isipokuwa pale chungu kilipo. Ininahazwe alimsubiri amalize safari yake.

"Uliziosha," akasema.

"Nilikuwa natafuta rangi, mama Immakulata."

"Ukaipata?"

"Niliipata."

"Basi kaipande."

Akaingia ndani, akapika nyama, akampakulia mume kwanza kama siku zote, na pembeni ya sahani, badala ya mboga, akamwekea vile vichipukizi vimechemshwa na chumvi. Melkiadi alivila vyote. Ilikuwa kama kula shamba.

Kesho yake akajaribu kurekebisha kwa njia alizozijua. Akaenda ghalani kuomba arudishiwe japo debe moja, hata kwa kulinunua. Nkunzimana akamweleza kwa upole kwamba mali ya mnada haipimwi kwa debe, na lori lilishaondoka. Akaenda duka la pembejeo, akanunua pakiti yenye picha ya mkulima anayecheka. Ininahazwe akaigeuza, akasoma, akaiweka mezani. Ndani ni harage la aina moja, alimwambia. Likiugua moja, yameugua yote, na yule wa kwenye picha hatakuja kutucheka tena, tutajicheka wenyewe. Melkiadi akataja yale mekundu na meusi yaliyolundikana stoo bila mnunuzi. Hayo, mkewe akasema, tulishachagua yaliyo mazuri siku ya kupura, hayo yaliyobaki ni ya kula. Mbegu ni iliyochaguliwa.

Ikabaki njia moja. Kwa desturi ya huko mbegu haiuzwi baina ya wanawake. Iliyopotea kwako unaiomba, na kila aliyewahi kuchukua kwako anakurudishia kiganja, mlangoni pa jiko, si sebuleni. Immakulata alikuwa ameshachukua kikapu ili aende. Mama yake akakichukua mkononi mwake akampa Melkiadi.

"Anayeomba ni aliyepoteza," akasema.

Kwa hiyo Titye ikaona ambacho haijawahi kuona: mwanaume mwenye koti anapita nyuma ya nyumba za watu, jiko hadi jiko, na kikapu cha mkewe. Wanawake hawakumnyima. Walimpa, lakini walimpa polepole. Mmoja alimkaribisha akae kwenye kinu. Mwingine alimwuliza kama anataka na beseni. Bibi Mpawenimana alikataa kufungua kiganja mpaka Melkiadi ajue anaomba nini. Hili jeusi lenye doa jeupe linaitwaje? Melkiadi hakujua. Linaitwa Kanyamanza, kama yule ndege anayetikisa mkia. Na hili kubwa jekundu? Ni Usingizi wa Mkwe, maana halijaiva mama mkwe kashasinzia. Melkiadi, mwenye miaka hamsini na nne, aliyekula maharage hayo maisha yake yote, alikariri majina kama mtoto wa darasa la kwanza, na alipokosea bibi alirudisha mkono nyuma ya mgongo.

Jioni kikapu kilikuwa kimejaa. Ininahazwe akakimwaga kwenye ungo, akatembeza vidole. Kanyamanza lipo. Usingizi wa Mkwe lipo. Meupe yapo, ya madoa yapo. Akapekua tena, na tena.

"Njano haipo," akasema.

Haikuwepo hata moja. Kumbe si Melkiadi peke yake aliyepungukiwa. Nyumba baada ya nyumba, kila mume alikuwa na ngazi yake, na Titye nzima ilikuwa imepeleka uso wake wa njano ghalani mpaka punje ya mwisho. Tofauti ni kwamba wenzake walifikicha majivu kwa kitambaa kikavu, wakanyamaza.

"Kibondo kwa mama zipo," Ininahazwe akasema, bila kumtazama mtu. "Huko ghala bado linapigwa lipu."

Melkiadi akaelewa anaambiwa nini. Mwanaume anakwenda ukweni na mbuzi, na pombe, na wazee wa kumsemea. Haendi kuomba mbegu aliyopewa pamoja na mke. Lakini mawingu yalikuwa yanajikusanya juu ya vilima, na waliokuwa na mbegu zao walishaanza kulima.

Akaenda. Mama mkwe wake alimpokea uani, akampa kiti kizuri na maji ya kunawa, akakaa mbali kama adabu ya mkwe inavyotaka. Akauliza binti yake ni mzima. Mzima, mama. Watoto? Wazima. Mbuzi? Wazima.

"Sasa amekufa nani, mbona umekuja na koti?"

Melkiadi akasimulia. Alikusudia kuruka habari ya beseni, lakini mama mkwe alikuwa na namna ya kunyamaza inayomtoa mtu kila kitu. Alipomaliza, bibi aliingia jikoni, akakaa humo muda mrefu. Kama alikuwa anacheka, alicheka kwa heshima, maana sauti haikutoka. Akarudi na kitambaa kilichofungwa fundo. Melkiadi akakipokea kwa mikono miwili, akahisi ni chepesi mno.

"Ni kumi na mbili," bibi akasema. "Usidhani ni uchoyo, mwanangu. Nikikupa kopo utazimwaga shambani uzisahau. Kumi na mbili utazijua kila moja."

Mvua ilifika siku mbili baadaye. Ininahazwe na Immakulata walipanda shamba zima kwa mbegu ya kikapu, rangi zote zimechanganyika kama zamani, na moyo wa Ininahazwe ulitulia kiasi cha kumwita mume wake kwa jina la utani mbele ya binti. Zile kumi na mbili hakuzigusa. Alimwonyesha Melkiadi kipande cha ardhi karibu na jiko, akamwacha nazo.

Alizipanda mwenyewe, akaweka kijiti penye kila shimo. Kuku wakavifukua vijiti siku ya kwanza. Akawa anakaa hapo kila asubuhi na fimbo. Wapita njia walimsalimia Bwana Shamba, wakamwuliza mnada ni lini. Bwana wa viatu vyeupe naye alipita siku moja, na safari hii alivaa buti, akataja msimu ujao na aina nyingine inayotafutwa, nyeupe. Melkiadi alimsikiliza mpaka mwisho. Shingo yake ilitaka kuitikia, ikakumbuka, ikatulia. Akasema tu kwamba ataongea na mama Immakulata.

Siku ya saba aliona ncha ya kijani. Akamwita mkewe kwa sauti ambayo Immakulata alidhani kuna nyoka. Ininahazwe akaja na unga wa muhogo mikononi, akachuchumaa, akatazama kwa makini.

"Hilo ni gugu, baba Immakulata."

Ininahazwe akasogeza udongo kwa kidole kimoja, karibu kabisa na kiatu cha mumewe. Ardhi ilikuwa imepasuka ufa mdogo, na ndani ya ufa kulikuwa na shingo nyeupe iliyopinda, ndiyo kwanza inajivuta kutoka.

"Harage ni hili hapa. Umelikanyagia ukingoni. Inua mguu. Polepole."

Melkiadi akainua mguu. Akabaki amesimama kwa mmoja kama korongo, mikono hewani, hajui huu mwingine autue wapi, maana sasa kila mahali alipotazama palionekana pana kitu kinachoota. Ininahazwe alimwacha hivyo kidogo, akimtazama. Kisha akainuka, akampa bega.